Shimo Chini ya Kitanda Yangu

Mama mupenzi,

Jambo kwako na kwa bote kule Mutshatsha. Yaya na bibi yake huku Kolwezi bananipokea muzuri, lakini tangu jana niko na woga.

Yaya alinipeleka ku mukutano ya bantu ba Kasulo, mutaa yake. Enjeniere mumoja alikuya kueleza namna banataka kuzika bichafu bya nyuklia, byenye binauaka hata kisha myaka mingi, mbali chini ya udongo. «Tutafunika na béton,» akasema, «tutaweka na basoda ba bunduki. Hakuna mutu atagusa.» Mi nikapiga makofi.

Yaya akanisongea ku sikio: «Béton na basoda? Basi ni kitu ya bei. Huku basoda banalindaka nini ingine kama haiko madini?»

Nilizania ni muchezo. Tulipofika ku nyumba, kisha kula bukari, akasukuma kitanda yenye mi nalalaka. Mama, chini kuko shimo, mwisho yake haionekane! Njo mule alitoshaka cobalt, mawe ya bei ya kuuzisha. Akaniuliza pole pole: «Ule enjeniere alisema batazika wapi?»

Umuombee Yaya sana, Mama. Nakukumbatia. Mi leo nalala mu salon, mbali na ile shimo.

Mutoto wako,
Furaha