Picha Niliyowashia Moto

Abdi wewe, huna haya? Tangu tukuzike mvua zimenyesha mara mbili na hujanijia hata ndotoni. Kwa mama yako umekwenda, kwa dada yako Halima umekwenda, mimi nyanya yako, ayeeyo wako, unanipita kama mwenye upele. Lakini sababu naijua. Wa kuona haya ni mimi. Halima anaandika ninayosema, na nimemwambia asinipambe.

Ile picha unaikumbuka. Ulikuwa unarudi kutoka Nairobi kwa ndege, ukaipiga dirishani, ukaenda studio ikatolewa kwenye karatasi kubwa kwa ajili yangu. Ukaniwekea mapajani, ukaweka kidole. "Ayeeyo, tazama hapa." Nami nikakwambia, "Mtu mzima mzima anapiga picha mchanga! Ngamia hakuna, mtu hakuna. Hii ni ngozi ya mbuzi mgonjwa." Wanawake wakacheka, nawe ukacheka nao. Kesho yake ukanikuta naichana niwashie moto wa kufukizia kibuyu cha maziwa. Ukasimama kidogo. "Haya, Ayeeyo, maziwa yatanukia vizuri." Ukaenda zako.

Kisha homa. Siku tatu, basi.

Abdi, sikuiona ile picha. Macho yalikuwa yamejaa ukungu na nilikuwa nawaficha, msije mkanikataza kukamua. Nikatukana nisichokiona.

Siku ya kukuzika sheikh aliomba, aliyekosewa na marehemu amsamehe. Nilikuwa nyuma na wanawake. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyemkosea marehemu. Ningeinua mkono. Wallahi, ningeinua yote miwili.

Juzi wamenipeleka Nairobi, wameutoa ukungu. Kurudi tukapanda ndege, Halima akanipa kiti cha dirishani. Nilisoma dua zote ninazozijua nikiwa nimefumba hayo macho mapya. Tulipokaribia Wajir nikachungulia. Abdi! Njia za mifugo zinakwenda visimani kama mishipa ya mkono wangu. Na ile laga yetu, mto wa mchanga mkavu, pale inapokunja kiwiko, nikaona duara jeusi. Boma letu la zamani, alipozaliwa mama yako! Miiba ilishaoza, sisi tulishahama, lakini samadi ya ngamia haijasahau tulipolala. Nikapiga kelele ndege nzima ikageuka. Halima akasema polepole, "Hapo ndipo Abdi alipokuwa akikuonyesha."

Nikamnyang'anya simu nipige picha mwenyewe. Kumbe limetoka bawa, na kidole changu kimeziba nusu. Anataka kuifuta, nimemkataza. Ndiyo picha niliyostahili.

Basi lala salama, mjukuu wangu. Mtu akiniletea kitu chake anionyeshe, nisipokiona nitasema sikioni. Na moto wa vibuyu nauwasha kwa majani makavu tu, naapa. Nisamehe.

Na ukija, usisimame mlangoni kama mgeni. Keti kulia kwangu, jicho la kulia ndilo lililopona vizuri. Weka kidole, kisha useme tena, "Ayeeyo, tazama hapa."