Povu la Dezi

Jumanne, mwezi wa saba. Ukungu umeshuka hapa Mweiga mpaka mlangoni, na mlima hatujauona tangu Jumamosi. Siuoni lakini najua upo. Ndivyo nilivyojua pia kwamba Dezi ni ng'ombe bora.

Leo naandika nikiwa na aibu, na mzee wa meno saba hazoei aibu haraka.

Nina ng'ombe wawili waliozaa wiki ileile. Dezi nilimnunua kwa mzungu wa shamba la juu, alipofunga virago kurudi kwao baada ya Uhuru. Ana kibati sikioni chenye namba. Mimi niliyeacha shule darasa la tatu humwambia "gudi moning" kila siku. Hajawahi kunijibu, lakini hata yule mzungu hakuwa akinijibu. Njiru naye ni mweusi wa hapahapa, alizaliwa nyuma ya jikoni yetu, hana kibati wala makuu.

Alhamisi lori linakwenda Kianyaga, na mmoja wao atapanda na ndama wake. Binti yetu Wangari, aliyeolewa huko, amejifungua, homa ikamkausha maziwa, na mtoto analia njaa. Ni mtoto wake wa kiume wa pili, na kwa desturi yetu wa pili hupewa jina la baba wa mama, yaani langu.

Nilikuwa nimeshaamua: Njiru aende, Dezi abaki. Nilimwambia mke wangu nimepima kwa haki.

Nilipima, ndiyo. Maziwa ya Dezi nilikuwa nayaangalia yakitoka tu kukamuliwa, kwenye ndoo nyeupe, povu likiwa juu kama kofia ya askofu. Ya Njiru nilikuwa nayaangalia baada ya chai, kwenye sufuria, povu limeshalala.

Asubuhi hii mke wangu amekamua, akaniletea ndoo na sufuria pamoja, povu limetulia kote. Nikaichungulia ile ndoo nyeupe, imejaa. Nikaonja. Nikamwambia haya ya Dezi ndiyo maziwa yenye shule.

"Hiyo ni ya Njiru, Baba Wangari," akasema. "Dezi yako ndiyo hii ya sufuria. Haijafika hata nusu."

"Ati nini? Umebadilisha?"

"Nimebadilisha vyombo tu. Kichwa yako sijagusa."

Akaenda kumwaga majivu, akicheka kwa mabega.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Ningekaa na ujinga wangu, mtoto angepata ng'ombe mzuri kwa bahati. Lakini nilipojua ukweli, kabla chai haijapoa, nilianza kuona mambo mapya. Nikaona Kianyaga kuna joto, Njiru atateseka. Nikaona Dezi ndiye mpole, anafaa nyumba yenye mtoto, na huyo Dezi alinipiga teke Ijumaa. Nikakumbuka hata marehemu mama alisema ng'ombe mweusi asitoke bomani. Mama hakusema hivyo. Nilimtungia mwenyewe, pale pale kwenye kigoda.

Jana macho yangu yalimtetea Dezi. Leo yanamtetea Njiru. Kumbe hayaangalii kitu. Ni mawakili, na mwenye kesi ni tumbo langu.

Nilizunguka boma mchana kutwa nikitafuta sababu ya tatu. Njiru alikuwa anacheua, ananitazama kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

Kisha nikamfikiria yule mtoto. Kwetu, aliyepewa jina lako ni wewe mwenyewe umezaliwa upya. Kwa hivyo huko Kianyaga niko mimi, sina jino hata moja, ninalia njaa. Na huku Mweiga niko mimi mwingine, nina saba, ninapanga kuniibia maziwa.

Nikacheka peke yangu mpaka jirani akakohoa kule ng'ambo ya ua.

Jioni nimemwambia mke wangu kwamba Njiru anakwenda, na mara hii si kwa sababu eti ni mbaya. Hakunisifu. Ameniongezea kiazi kimoja kwenye sahani, na kwa huyo mama hiyo ni hotuba.

Sijui kama nimepona. Pengine wiki ijayo nitaanza kusema maziwa machache ndiyo matamu. Lakini nimejipa sheria moja: nisiseme lolote mpaka povu litulie.

Ukungu umepasuka kidogo, nimeona ncha ya mlima. Asubuhi nitamsalimia Njiru kwanza, kwa Kikuyu. Huyo nadhani atanijibu.