Moto wa Idi kwa Watu wa Ng'ambo

Sefu, rafiki yangu,

Huku Rumonge hatujambo. Kaburi lako limeota nyasi, mbuzi wa Rajabu wanazila, nami nawafukuza kwa niaba yako. Ndagala wamejaa ziwani. Bado nashona kanzu palepale barazani, ila kigoda chako hakikaliwi. Mteja akikisogelea namwambia kimevunjika. Si kweli, lakini sijaweza bado.

Ile vita ya Wazungu uliyoiacha changa imefika mpaka msikitini. Mashua za kwenda ng'ambo zilikatazwa kabla hujaugua, hilo unalijua. Baada yako zikaja habari kutoka bomani: Sultani wa Stambuli, yule tunayemtaja katika hotuba ya Ijumaa, ameshikana mkono na Wadachi, basi kila Mwislamu awaombee Wadachi ushindi. Ungeona watu walivyogeuka! Sisi tuliokuwa tukinung'unikia kodi na viboko vya Mdachi, leo tunamwita ndugu. Mmoja aliniapia hapa barazani kuhusu mfalme wao, "Kaisari iko Mwislamu sasa, balishamutahiri." Nikamuuliza nani alishika kisu. Akanuna, siku hizi anashonesha kwingine.

Aliyewaka kuliko wote ni huyo Rajabu muuza chumvi. Kwake yeye ng'ambo yote, kwa kuwa iko chini ya Wabeliji, imekuwa nchi ya maadui wa dini. Na ng'ambo hiyo, Sefu, ndiko aliko dada yangu Zaina. Ndiko waliko nusu ya watu tuliokua nao, na wanaelekea kibla kilekile.

Basi Ramadhani ikafika mwisho, likaja suala la moto wako. Wewe ulilijua kuliko sisi sote: wenzetu wa Ubwari, huko ng'ambo, wamekaa chini ya mlima, mwezi mwandamo unazama nyuma yake wasiuone, na miaka yote wamengoja moto wa ufukweni kwetu ndipo wafungue, nao huwasha wao kutujibu. Mwaka huu boma limekataza moto wowote ufukweni jua likishatua, usije ukawapa Wabeliji ishara. Nilipolitaja jambo hili msikitini baada ya alasiri, Rajabu alisimama. "Bale ba ng'ambo iko batu ba Wabeliji. Tubaache bafunge mpaka bachoke." Na wengi wakaitikia.

Niliumia, sitakuficha. Si kwa ajili ya Mbeliji wala Mdachi, hao wakipenda wazame wote na meli zao. Nilimwona Zaina amekaa na njaa siku ya Idi, anaangalia upande wetu, akidhani tumemsahau.

Nikasema lile ambalo kila mtoto wa chuoni analijua, kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu. Tukiuona mwezi tukawanyamazia ndugu zetu, dhambi ni yetu, na Sultani hatatubebea. Afande, mkubwa wa askari hapa kwetu, alikuwa safu ya mbele, na nilijua kwamba maneno yale yanaweza kunipeleka kwenye kiboko. Akamgeukia mwalimu, "Hii maneno iko kweli?" Mwalimu akasema ni kweli. Akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Jua lilipotua tukauona mwezi juu ya milima ya Ubwari, kidogo tu, nusura utuponyoke. Wenye moyo tukabeba makuti makavu na makapi ya mawese, yale yanayowaka kwa hasira. Tulipofika ufukweni tukamkuta afande ametutangulia. Nikajua mgongo wangu leo umekwisha. Kumbe alikuwa na kibuyu cha mawese mkononi. Akayamimina mwenyewe juu ya makuti, akasema, "Washa. Boma ikiuliza, ni mimi."

Shemeji Mwajuma hakutoka, maana bado yuko edani, lakini alitupitishia jamvi lako mlangoni. Mimi na mwalimu tukalishika huku na huku, tukalikinga mbele ya moto na kuliondoa, tukalikinga na kuliondoa, vilevile ulivyokuwa ukifanya ili wasidhani ni moto wa wavuvi.

Tukangoja. Rajabu naye alikuwa amekuja, amesimama kando, mikono nyuma, kama mtu anayejipitia tu.

Halafu ng'ambo ikawaka, Sefu. Moto mmoja, kisha mwingine, kisha ufukwe wao wote. Aliyeanza takbira ni Rajabu, kwa ile sauti yake mbaya.

Usidhani tumebadilika. Kesho yake katika hotuba ya Idi tuliwaombea Wadachi ushindi, na Rajabu akaitikia amina kutushinda wote. Kisha akaja kuniuliza polepole kama Zaina anapenda chumvi ya Uvinza, maana vita ikiisha angependa kumpelekea. Ndivyo tulivyo. Mimi nilikula pilau mpaka nikalegeza mshipi, na nilikuwa na furaha.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Nikiwa nalianika jamvi lako asubuhi ndipo nilipokumbuka kwamba ng'ambo hawajui. Hakuna mashua iliyowapelekea habari ya msiba. Jioni ile walipouona moto ukikingwa na kuachiwa, walisema, "Sefu ameuona mwezi." Nililia pale uani, na kilio chenyewe kilikuwa kitamu.

Pumzika, ndugu yangu, Mungu akupanulie kaburi. Bendera ya boma iwe ya yeyote, moto huo nitauwasha. Na siku mashua zitakaporuhusiwa, nitavuka mwenyewe niwaambie umekufa. Kwa sasa ng'ambo ile ungali hai, nami sina haraka.

Wako,
Hamisi mshonaji