Pioni ya Mama Anièsi

Elisabethville, Jumapili jioni, Juni 1961

Na bado nacheka. Mtu mzima, aliyefiwa na mke miezi minane iliyopita, anacheka peke yake kama mtoto.

Nilikuwa nimeamua: nikishindwa tena kwenye mashindano ya sataranji ya parokia, naacha. Tangu mke wangu, Mama Anièsi, afariki sijashinda hata mchezo mmoja.

Leo nikapangiwa Simoni, karani wa posta, anayepiga mluzi akicheza. Mluzi ule unanichosha. Basi nikafungua kama marehemu alivyokuwa akifungua mezani kwetu: pioni ya mfalme, ile kete ndogo, mbele, kisha ile ya jirani yake, ili iliwe. Mimi niliona ni upuuzi. Yeye alisema, "Mugeni akikula sana, analala."

"Baba Anièsi, unanipa pioni bule?" Simoni akauliza. "Macho iko muzuri?"

"Kula tu, ndugu."

Akala. Akala na ya pili. Farasi wake walikuwa bado hawajatoka nyumbani nilipomfunga mfalme wake. Mluzi ulikatika katikati.

Nikarudi nyumbani Katuba nikicheka, hata kwenye kizuizi cha askari barabarani, ambako siku hizi hakuna anayecheka. Askari mmoja akanishika bega. Niliogopa sana.

"Unacheka nini, baba?"

"Bibi yangu alishinda mu muchezo."

Akaniangalia, kisha akaniachia. "Umupe profisiati."

Nikaahidi kuzifikisha pongezi zake. Haya, Mama Anièsi, profisiati. Inatoka kwa askari, si kwangu tu.