Malipo ya Mkono wa Leonsi

Pito, Sumbawanga
3 Julai, 1996

Kwako Dada Tereza,

Shikamoo dada. Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na mama, pamoja na shemeji na wanao. Barua yako niliipata Jumapili baada ya misa, nikaifungua palepale nje ya kanisa kwa hamu ya kujua hali ya mama. Nimefurahi kusikia kwamba kifua chake kimepata nafuu na ameanza tena kwenda shambani, ingawa najua hakuna wa kumzuia. Sisi huku hatujambo. Silvana anakusalimu sana. Watoto wana mafua, lakini mwezi huu huku juu nani hana mafua? Upepo ni uleule unaoujua, asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Maharage tumeshapura. Ulezi bado uko shambani.

Dada, katika barua yako umeniuliza jambo moja mara mbili. Umeuliza kwa nini mdogo wetu Leonsi hafungi ndoa na Zita, na mahari ilishapokelewa tangu mwaka jana. Umesema mama anaona aibu kwa wazazi wa binti. Mara zote nimekujibu kwamba tunangoja malipo yake ya mkono. Hilo ni kweli, ila si kweli yote. Leo nataka nikueleze mpaka mwisho. Tafadhali isome kwanza peke yako, mama asiwepo.

Nianze na hayo malipo. Unakumbuka Leonsi alivyoumia Septemba ya mwaka juzi, pale kwenye kinu cha unga cha shirika la umma nilipokuwa nafanya kazi. Mkanda wa mashine ulimvuta mkono wa kulia, na hospitali wakaukata chini kidogo ya kiwiko. Tuliambiwa kwamba mtu akiumia katika kazi ya serikali ana haki ya kulipwa malipo ya ulemavu, na kwamba ni suala la miezi mitatu. Tukachukua fomu ofisi ya kazi. Fomu ilitakiwa kujazwa na mwajiri, lakini wakati ule shirika lilikuwa linapunguza wafanyakazi na kinu kinatafutiwa mnunuzi. Kila tulipokwenda tulikuta meza mpya na mtu mpya. Mmoja alisema faili limepelekwa makao makuu. Mwingine alisema makao makuu hayahusiki tena, tumngoje mwenye kinu mpya. Mwenye kinu mpya alipokuja alisema yeye alinunua mashine, hakununua majeruhi.

Mwishowe faili likaonekana, limefungwa kamba pamoja na mafaili ya waliopunguzwa. Ikaja zamu ya madaktari. Fomu inataka asilimia ya ulemavu, na hiyo haiandikwi na daktari mmoja, lazima wakae kama bodi. Bodi iliahirishwa mara nne. Siku ilipokaa, Leonsi alivua shati mbele ya watu watatu. Mmoja akamwambia akunje kiwiko, akunjue, akunje tena, kisha akauliza kama anaweza kulima. Leonsi alijibu kwamba anaweza kupalilia kwa mkono mmoja akipiga magoti. Tulipotoka nilimgombeza kwa jibu lile. Nilimwambia mtu anayeomba malipo ya ulemavu hasemi anachoweza. Tangu siku hiyo, dada, hata jembe aliacha kulishika barabarani, asije mtu akamwona. Alikuwa anakaa ndani ya chumba chake kule mjini, Majengo, mlango umerudishwa, kijana wa miaka ishirini na saba, anangoja aitwe.

Mwezi wa tano aliitwa. Afisa mpya wa ofisi ya kazi, Bwana Zephania, mtu mpole anayesoma kila karatasi mara mbili, alisema kila kitu kimekamilika isipokuwa jambo moja linamsumbua. Mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye faili na sura ya mtu aliyesimama mbele yake havilingani. Akasema hatasaini mpaka afike mwenyewe huko kwenu Milepa, aonane na mzazi. Atakuja tarehe kumi na tano mwezi huu. Atapanda lori la asubuhi, na atakuja moja kwa moja nyumbani kwa mama.

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Dada, Leonsi hakuwahi kuajiriwa kinuni. Nilipowaambieni kwamba nimemtafutia kazi pale, nilidanganya. Aliyekuwa ameajiriwa ni mimi peke yangu. Unajua mshahara wa wakati ule ulivyokuwa, ulikuwa hauvuki wiki. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye magunia mawili alikuwa mfanyabiashara, na mimi nikaanza kupeleka maharage ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, Zambia. Siku nilizosafiri, Leonsi alivaa ovaroli yangu akaingia zamu yangu, akaitika jina langu. Msimamizi wetu, Basil, alijua. Nilikuwa namletea sukari na mafuta ya kula, naye alikuwa anafumba macho. Si mimi peke yangu niliyefanya hivyo, lakini ni kwangu ilipotokea.

Leonsi alipoumia mimi nilikuwa Zambia, nauza maharage. Nilirudi siku ya tatu. Nilimkuta Silvana mlangoni analia, akaniambia niende hospitali lakini nisiseme mimi ni nani. Basil alikuwa ameandikisha kwamba aliyeumia ni Isdori Fransisko, mfanyakazi wa kinu. Kadi iliyoning'inia kitandani ilikuwa na jina langu. Wauguzi walikuwa wanamwita Isdori, naye alikuwa anaitika kwa usingizi wa dawa.

Basil alinivuta nje akaniambia, "Ukisema kweli, mimi nimefukuzwa, wewe umefukuzwa, na mdogo wako hapati hata shuka, maana kinu hakimjui. Nyamaza. Kuanzia leo wewe ndiye Leonsi, mpaka malipo yatoke."

Nikanyamaza, na Leonsi alipopata fahamu nikamwomba anipe jina lake. Nilijiambia nafanya kwa ajili yake. Na kweli nilitaka apate kitu, kwa sababu mkono ule ulikuwa uwe wangu. Lakini nilimwogopa pia mama, na nilikuogopa wewe. Basil alipopunguzwa kazi akahamia Mbeya, na siri ikabaki kwetu.

Ndiyo sababu niliondoka Majengo nikaja kulima huku Pito, nikasema nimechoka na mji. Ndiyo sababu wale wanaonunua maharage yangu wananiita Leonsi. Picha yake imebandikwa kwenye fomu zangu. Na kwa kuwa faili langu lina mke na watoto wangu, kwenye karatasi za serikali Leonsi ni mume wa Silvana na baba wa watoto watatu. Sasa utaelewa habari ya ndoa. Padri akisoma tangazo kwamba Leonsi Fransisko anataka kumwoa Zita, kila mtu wa Majengo atageuka kumtazama yule mwenye mkono mmoja wanayemjua kama Isdori, na karani wa ofisi ya kazi anasali kanisa hilohilo. Na akitangazwa kama Isdori, basi anaoa mke wa pili kanisani. Zita anajua kweli, amevumilia. Baba yake hajui. Wiki mbili zilizopita alikuja hapa kwangu, mzee wa watu, akaniuliza kwa upole kama ni kweli mposaji wa binti yake ana mke na watoto, maana ameambiwa na watu wa kinuni. Nilimkaribisha ugali, akakataa.

Alipoondoka nilikwenda kwa Leonsi nikamweleza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Kaka, mkono uliniponyoka kwa bahati mbaya, sikulaumu. Lakini jina nilikupa mwenyewe, ulipokuja kuniomba. Nirudishie."

Nilimwambia akilichukua jina lake malipo yamekufa, maana Leonsi si mfanyakazi wa mtu. Nilimwambia angoje mwezi mmoja tu, ametoka mbali. Akasema miezi yote niliyomwambia ilikuwa ni mwezi mmoja tu.

Basi Jumanne iliyopita nikaenda mwenyewe kwa Bwana Zephania. Nilimwambia kila kitu, nikamwonyesha mikono yangu yote miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika kalamu yake akasema kwamba akiandika niliyosema, mdogo wangu hatalipwa, na mimi nitapelekwa mahakamani. Asipoandika, naye ameingia katika uongo wetu. Akaongeza, "Mimi sijasikia kitu leo. Safari yangu ya Milepa iko palepale. Nitamuuliza mama yenu mtoto huyu mwenye mkono uliokatika anaitwa nani, na nitakaloambiwa na mama ndilo nitakaloandika."

Sijui kama alinihurumia au alinitwisha mzigo mzito zaidi. Nimeukimbiza uongo huu kila ofisi, sasa umefika mlangoni kwa mama.

Nisikufiche ninalotaka mimi. Ningependa mama aseme Isdori. Mimi nimeshazoea kuishi bila jina, naweza kuendelea hivi mpaka uzee, na Leonsi apate malipo yake. Ingenipunguzia deni la moyo. Lakini Silvana aliniambia jana tukipepeta maharage kwamba hata hapo bado najitafutia nafuu yangu, kwa mgongo wa yuleyule. Nilimjibu kwa hasira. Leo nimeona amesema kweli.

Kwa hiyo nakuomba, dada, umtayarishe mama kabla ya tarehe kumi na tano. Mweleze taratibu, akiwa ameshakula, na usimpunguzie kosa langu. Akitaka kunilaani, mwache anilaani. Leonsi atakuja pamoja na afisa. Mimi nitabaki hapa, na wakija polisi watanikuta.

Mzigo huu wa maharage na barua nimempa Limbu, yule mfugaji jirani yenu, aliyekuja mnadani. Hajui kusoma Kiswahili vizuri, na ni mtu wa kuaminika. Wasalimie shemeji na watoto wote, na wasalimie wanakwaya wenzako. Mama mpe shikamoo yangu kama atakubali kuipokea.

Na afisa atakapomuuliza, mama asifikirie malipo wala asinifikirie mimi. Amwangalie tu mwanawe, amwite kama alivyomwita siku aliyomzaa.

Ndimi mdogo wako,
Isdori Fransisko