Tope la Joshoni

Bariadi,
10 Februari 1974

Kwako Baba mpendwa,

Mwangaluka, Baba. Nakuamkia wewe na mama kwa heshima. Natumaini baridi ya mvua za Mkula haijakurudishia kile kikohozi, na kwamba kaka Salu ameshapalilia pamba ya upande wa mtoni. Mimi mwili ni mzima.

Uliuliza mafunzo ya kazini yanakwendaje. Nimepangiwa josho la kijiji, chini ya Mzee Ngeleja. Hajui kusoma, lakini amelisimamia tangu lijengwe. Nina kitabu cha mafunzo. Kila kazi niliyoifanya kwa mkono wangu bwana mifugo anaitilia saini, na saini zisipotimia sipati cheti. Ukurasa wa kuchanganya dawa ya kupe ulikuwa bado mtupu.

Alhamisi tuliogesha ng'ombe. Kabla ya adhuhuri ndama walianza kutetemeka, wakaanguka wakirusha miguu. Walikufa saba. Watatu ni wa mjane Nyanjige, na hana wengine. Dawa ilikuwa kali mno. Watu walimzingira Mzee Ngeleja. Mmoja akamuuliza kama siku hizi anapimia kwa kata ya pombe. Bwana mifugo alipofika kutoka mjini aliuliza nani alipima. Mzee akajibu kwamba josho ni lake. Kesho kamati ya kijiji inakutana kumfukuza kazi, na wapo wanaotaka ahame kabisa.

Baba, niliyepima ni mimi.

Nilimwomba aniachie ili nijaze ule ukurasa. Nilipiga hesabu kama tulivyofundishwa: urefu, upana, na kina kilichoandikwa kwenye ramani ya josho. Mzee akaniambia nipunguze theluthi. Nilipouliza sababu, alisema josho hili ndivyo linavyotaka. Nikadhani anabakiza dawa akauze. Nikamjibu, mbele ya wachungaji, kwamba mimi sikusomea kubahatisha. Akasogea pembeni.

Jana nilimfuata kwake. Hakunigombeza. Alinipeleka joshoni, akazamisha mti mrefu hadi ukagota, akaniambia niushike. Chini pamejaa tope la kwato la miaka minane. Theluthi ya maji niliyoyapigia hesabu haipo.

"Chuoni mlisoma josho jipya, binti," alisema. "Na mimi sikujua kukueleza kwa lugha ya daftari."

Kisha akanisihi ninyamaze. Alisema yeye jembe analo, atalima; mimi bado naanza kazi. Nilirudi nikiwa nimepata nafuu, Baba, na nafuu hiyo ndiyo iliyonitisha.

Barua hii nampa Athumani mwenye duka, anayekuja huko jioni hii kufuata samaki. Ataondoka kabla ya mkutano. Najijua: kama nyumbani hakuna anayejua, kesho nitakaa kimya. Sasa utajua wewe.

Nisalimie mama, Salu na wote wa hapo nyumbani. Mama asijiandae kwa sherehe ya cheti.

Ni mimi mwanao,
Benedikta Marcelo