Kipandauso cha Kwaresima

Vatra Moldoviței,
Bukovina.
Jumamosi ya Lazaro, mkesha wa Jumapili ya Matawi, 27 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Saveta,

Pokea salamu nyingi za dada yako, nikitumaini zitakukuta mzima, na yule bibi unayemtunza, Sinyora Ornella, naye miguu yake imepata nafuu. Kikohozi kilikwisha? Huko Torino mnaanza kuvaa nguo nyepesi mapema mno, nakujua wewe. Sisi huku tu wazima kabisa, na neno hilo kabisa nimelipigia mstari makusudi, kwa hiyo usiliruke.

Najua jirani yangu Domnica alikupigia simu. Najua na alichokuambia: Glicheria amepofuka, anapapasa kuta, na mwaka huu hachori yai hata moja la Pasaka. Najua pia ulimlilia mume wangu Vichentie kwenye simu, ukasema mwisho wa mwezi unaacha kazi urudi kuniongoza njia. Saveta, nisikilize. Usiache kazi. Kwa simu huniamini, unadhani nakuficha, ndiyo maana nimekaa nikuandikie kwa mkono wangu mwenyewe, uzione herufi zangu kama zimepinda. Dereva wa basi dogo la Torino anaondoka leo jioni, na nimemwapisha akufikishie haraka.

Sasa nikupe habari yenyewe. Unajua vidonge vya tezi ya shingo nimekuwa nikimeza tangu nilipopasuliwa rovu. Baada ya Krismasi walinipima damu, wakaona dawa hainitoshi, wakaniongezea. Nikaendelea na maisha yangu. Ikaingia Kwaresima, na wiki ya pili nimekaa dirishani nachora yai kwa nta, mara pembeni mwa jicho nikaona kidoa kinang'aa. Kikakua, kikawa mstari wa meno meno kama msumeno, unametameta, ukafunika nusu ya yai. Nikalizungusha yai nitazame upande wa pili. Bado ni nusu tu. Kisha kichwa kikaanza kugonga upande mmoja, nikatapika, nikalala na taulo usoni hadi jioni.

Ikarudi, na ikarudi tena. Mikono ikawa inatetemeka, moyo unanienda mbio kana kwamba nimepanda mlima, na mimi nimekaa kitini. Mayai yakawa yananiponyoka. Niliogopa, mdogo wangu, sitakudanganya. Mimi sijui kufanya jambo lingine duniani ila hili, na macho yakienda nitabaki nani? Nilikuwa najifungia jikoni nalia, nikimwambia Vichentie ni vitunguu.

"Vitunguu gani hivyo," akaniuliza, "unavyokata bila kisu?"

Domnica alipojua, alikuja mbio na makaa yake. Akasema, "Kijicho hiki, dada! Watu wameyaonea gere mayai yako!" Akatumbukiza makaa kwenye bakuli la maji, akanong'ona maneno yake, akanitemea ptu, ptu, ptu, akaanza kupiga miayo hadi machozi yakamtoka. "Mmeona miayo hii? Si kijicho cha mtu mmoja!"

Vichentie akamjibu, "Domnica, wewe hata kanisani unapiga miayo. Nako tumekuroga?"

Nilicheka kichwa kikinipasuka. Kesho yake kikanirudia vilevile, na nadhani hapo ndipo Domnica alipokupigia simu, maana makaa yakishindwa, kwake yeye kilichobaki ni jeneza.

Vichentie akanipeleka mjini kwa daktari wa macho. Huyo alinichungulia kila upande, akasema macho yenyewe hayana kasoro, ninachokiona ni kipandauso, tena nirudi kwa daktari wa tezi nikaulize habari ya dawa. Nilitamani kumbusu kwa hayo ya kwanza. Hayo ya pili sikuyaelewa.

Daktari wa tezi sasa ni binti mmoja, Daktari Aniței, mwembamba, mcheshi, hana haraka na mtu. Akapima damu. Safari hii dawa imezidi! Akaniuliza, "Mama, umejiongezea vidonge?"

"Hata robo!" nikasema.

"Basi kuna kitu kimebadilika nyumbani."

"Hakuna."

Vichentie, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia, "Kimebadilika chakula, daktari. Tangu Kwaresima ianze tunakula maharage na ugali tu. Ng'ombe wangu anakamuliwa, mimi nayatazama maziwa yakipita!"

Daktari akanigeukia taratibu. "Mama, kidonge chako unamezea nini?"

"Kwaresima hii? Maji. Siku zote namezea maziwa, bakuli zima, na jibini juu yake." Nilisema kwa fahari, Saveta! Si ndivyo mama alivyotulea, kwamba dawa isiyo na maziwa inatoboa tumbo?

Yule binti aliweka kalamu mezani akacheka hadi akafuta macho. "Mama yangu, maziwa yalikuwa yanaizuia dawa isiingie mwilini! Sisi tukadhani haitoshi, tukakuongezea. Halafu Kwaresima imekuja, maziwa yameondoka, dawa yote imeingia kwa mkupuo. Ndiyo inayokutetemesha mikono na kukuamshia kipandauso."

Umeelewa, mdogo wangu? Nimefunga kwa ajili ya roho yangu, na kufunga huko kukanizidishia dawa!

Vichentie akauliza, uso mkavu kabisa, "Kwa hiyo mwenye kosa ni ng'ombe?"

"Ng'ombe msamehe, baba," daktari akasema. "Ila asubuhi asikaribie kidonge."

Akaniuliza pia kama kuna mtu kwetu aliyekuwa na ugonjwa huu wa kichwa, nami nikamkumbuka mama, kitambaa kimekazwa kwenye paji la uso, pazia limeshushwa, sisi tunatembea kwa ncha za vidole. Kumbe alichokuwa nacho ni hiki hiki, maskini mama, na hakuna aliyemwambia jina lake. Nililia kidogo pale ofisini, lakini ni kilio kizuri.

Akanipunguzia dawa. Kidonge sasa ni kwa maji matupu, nikae na njaa kwa muda, maziwa nayapisha hadi baadaye sana, Kwaresima na isiyo Kwaresima. Na wewe vidonge vyako vya kuongeza damu unamezea nini? Muulize daktari wako, maana mama aliyetufundisha ni mmoja.

Wiki ya kwanza kichwa kiliendelea kunisumbua. Ya pili kilinishika mara moja tu, tena kwa upole. Tangu hapo kimya. Lakini yai sikuligusa, niliogopa. Nilifagia ua, nilifua mapazia, nilipaka chokaa kibanda cha kuku ambacho hakuna aliyekilalamikia. Vichentie aliniacha hadi juzi, akaniletea yai moja jeupe, akaliweka mbele yangu pale dirishani na kusema, "Huyu kuku kataga kwa ajili yako. Usimtie aibu."

Unakumbuka mstari wa kwanza ulivyo, ule wa kiunoni, unaozungushwa kwenye yai bila kuinua kalamu, na ncha zikipishana hata unywele mmoja, yai hilo ni la kupikwa. Nikapasha nta. Nikavuta pumzi. Nikazungusha. Mkono haukutikisika, dirisha lilikuwa zima, yai lilikuwa zima, na ncha zikakutana. Nilipiga ukelele hadi Domnica akaja na makaa! Tangu juzi nimechora mayai kumi na mawili na bado sijachoka, furaha inanimwagika, naimba hata nikimpa nguruwe chakula.

Basi njoo Pasaka ukipata likizo, nakungoja kwa hamu, lakini njoo na tiketi ya kurudi. Njoo kula, usije kunishika mkono.

Nisalimie sana Sinyora Ornella, na mwanao Ilarion umbusu kwa niaba yangu mashavu yote mawili hata kama anakimbia. Vichentie anakusalimu, na ng'ombe pia, aliyesamehewa. Domnica anakusalimu kwa aibu. Mungu akufunike kwa mkono wake, akupe usingizi mtamu na kazi nyepesi, atuweke hai tule pamoja mkate wa Pasaka.

Kwenye boksi atakalokupa dereva, ndani ya pamba, nimekuwekea lile yai la kwanza. Litazame juani, uzungushe kidole kwenye mstari wa kiunoni, utafute mahali ncha zilipoungana. Ukipaona, ruksa, acha kazi urudi.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye macho yake yote mawili,

Glicheria